Doa la Jiwe na Buibui wa Soksi

Keti hapa karibu nami, wewe uliyelelewa na bibi, na hata wewe ambaye hukulelewa naye. Sina haraka, na ningependa nawe usiwe nayo, kwa maana nataka kukulinganishia vitu viwili vidogo ambavyo watu wengi huvipita bila kuviangalia: doa linaloota juu ya jiwe, na buibui asiyezidi punje ya dengu. Ukinivumilia hadi nimalize kusimulia vyote viwili, utaelewa kwa nini wiki iliyopita nilikaa chini kwenye sakafu ya bafu nyumbani kwangu Kaloleni, nimeshika soksi moja ya shule ya binti yangu, huku maji yakifurika kwenye karai.

Nilikuwa nafua. Soksi ile ilikuwa imekaa ndani ya kiatu tangu Ijumaa, na unajua soksi ya mtoto wa darasa la tano hunuka vipi ikilala ndani ya kiatu siku mbili. Nilipoigeuza, akatoka buibui. Hakukimbia. Aligeuka akanitazama, kwa sababu buibui wa aina hii huelekeza uso wake wote kwa kile anachokiangalia, kama mtu. Tumbo lake lilikuwa limejaa, jekundu.

"Mum, ua hiyo kitu!" binti yangu akapiga kelele kutoka mlangoni.

Sikumwua. Harufu ile na wekundu ule vilikuwa vimeshanirudisha Seme, kijijini kwa Dani.

Dani ni bibi, kwa Kijaluo. Wangu alikuwa mama mzazi wa mama yangu, na boma lake lilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la Kombewa, kwenye nchi ya mawe makubwa, mengine marefu kuliko nyumba, yaliyosimama katikati ya mashamba ya mahindi kana kwamba yalipandwa pamoja nayo. Kabla ya huko tuliishi Obunga, mtaa wa Kisumu mjini, mama na mimi, katika chumba kimoja. Mama alikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kutoa minofu. Asubuhi nzima alisimama kwenye maji ya samaki akiwa amevaa gambuti, na ndani ya gambuti alivaa soksi nene za kijivu zenye mstari wa kijani juu. Alipozivua jioni, chumba chote kilijua amerudi. Wengine wangeziba pua. Mimi nilisinzia vizuri zaidi zikiwa karibu.

Siku moja alikunja nguo zangu, zote, akasema tunaenda kumsalimia Dani. Sikujiuliza kwa nini salamu inahitaji nguo zote. Tulilala huko usiku mmoja. Neti ilikuwa moja tu, ya kitanda cha Dani, nikawekwa humo pamoja na Dani, na mama akalala kwenye mkeka nje ya neti. Nakumbuka nikisinzia huku namsikia akijipiga makofi miguuni, paa, paa, na Dani akicheka na kumwambia mbu wa Seme wamemmiss. Nilipoamka hakuwapo. Watu wazima huamini kwamba mtoto akiachwa usingizini haumii. Soksi zake zilikuwapo. Zilikuwa zimening'inia kwenye kamba iliyofungwa kutoka ukutani hadi nguzo ya kati.

"Amesema atakuja kukuchukua," Dani akaniambia.

"Lini?"

"Atakuja."

Neno hilo *lini* likawa kazi yangu. Nililiuliza asubuhi, nikaliuliza mchana, nikaliuliza jioni. Dani alikuwa mtu wa kwenda, wa shamba na mbuzi na kuni, mwenye ulimi mkali, na aliweza kuniacha na swali langu akaondoka nalo likiwa bado hewani. Kwa hiyo nililipeleka kwa mjomba wangu Oduor, ndugu mdogo wa mama, ambaye kazi yake ilimweka mahali pamoja. Mjomba alivunja mawe. Alikaa kwenye kivuli cha turubai na nyundo yake, akiyageuza mawe makubwa kuwa madogo na madogo kuwa kokoto, na malori yalikuja kuzichukua kwa ajili ya nyumba za mjini.

"Mjomba, mama atakuja lini?"

"Si umeniuliza asubuhi?"

"Sasa ni mchana."

"Nyar Kisumu, wewe ni polisi kabisa." Binti wa Kisumu, ndilo jina walilonipa huko. Shuleni pia waliniita hivyo, ila wao waliliimba, kwa sababu Kijaluo changu cha Obunga kilikuwa kimechanganyika na Kiswahili na kiliwachekesha. "Kuja hapa. Unaona hii?"

Alikuwa amekaa juu ya jiwe pana, la urefu wa kifua changu, ambalo hakuwa ameanza kulivunja. Alitia kidole kwenye doa lililokuwa juu yake, la mviringo, ukubwa wa kifuniko cha mafuta ya kujipaka, rangi ya kijani iliyochanganyika na majivu, kingo zake zimejikunja kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto.

"Hii inakua," alisema. "Wacha ikae hivyo imelala, lakini inakua. Mimi nikiwa kama wewe ilikuwa kama shilingi." Kisha akachukua tindo na nyundo, na kwa mkono wa mtu aliyezoea akazunguka doa lile, tok, tok, tok, akachonga duara nje yake, mbali kiasi cha upana wa kidole gumba. "Ikifika hapa kwa laini, mama yako anakuja kukuchukua. Sawa? Sasa usiniulize tena. Uliza jiwe."

Alicheka, na mimi nikacheka. Yeye alicheka kwa sababu amepata nafasi ya kufanya kazi yake, na mimi kwa sababu hatimaye mtu alikuwa amenijibu.

Ngoja nikueleze doa hilo ni nini, maana hakuna aliyenieleza mimi. Vitabuni linaitwa kuvumwani, na jina hilo linasema ukweli wote: ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Kuvu hushika jiwe na kuhifadhi unyevu. Mwani, ambaye ni mdogo kuliko tunavyoweza kumwona, hukaa ndani ya kuvu na kutengeneza chakula kutokana na mwanga wa jua. Mmoja anatoa nyumba, mwingine anatoa mlo. Wameishi hivyo kwa ukaribu kiasi kwamba ukiwatazama unaona kitu kimoja, na hata ukiambiwa ni wawili ni vigumu kuonyesha huyu anaishia wapi na yule anaanzia wapi. Hawana mizizi. Jua likizidi hukauka na kuonekana wamekufa, mvua ikinyesha wanarudi kuwa kijani ndani ya dakika chache. Nao hukua polepole sana. Kwa mwaka mzima ukingo wao huenda usisogee hata upana wa punje ya wimbi.

Hilo la wimbi nalisema kwa makusudi, kwa sababu wimbi ndilo lililokuwa rula yangu. Kila Jumapili tukitoka kanisani nilichukua punje kwenye chungu cha Dani, nikazipanga moja moja kutoka ukingo wa doa hadi kwenye duara la mjomba. Zilikuwa tisa. Jumapili iliyofuata, tisa. Tulipanda mahindi, yakaota, yakanifika gotini, na bado tisa. Apiyo, msichana wa boma la jirani, aliniona nimelala kifudifudi juu ya jiwe na kwenda kutangaza shuleni kwamba Nyar Kisumu anaongea na mawe. Hakukosea sana.

Buibui nilimwona wiki ya pili au ya tatu. Nilikuwa na tabia ambayo sikumwonyesha mtu: nikirudi kutoka shuleni, kabla ya kuvua sare, nilisimama chini ya ile kamba nikaweka uso wangu kwenye soksi za mama. Nilivuta pumzi mara tatu. Mara tatu tu, kwa sababu niliamini harufu ni kitu kinachoisha, kama sukari. Siku hiyo niliposogeza uso, kitu kilisogea kwenye mstari wa kijani. Alikuwa wa kahawia, mwenye manyoya, na uso wenye wekundu kidogo chini ya macho mawili makubwa meusi yaliyonikodolea. Tumbo lake lilikuwa jekundu kama mbegu ya komamanga.

Nilimtazama, naye akanitazama. Nilisogeza kichwa kulia, akageuka kulia. Hakuna mtu aliyekuwa amenitazama kwa makini namna ile tangu Obunga.

Nikamwita Askari, kwa sababu alilinda soksi. Karibu kila siku nilimkuta hapo au ukutani karibu yake. Hakuwa na utando wa kutegea. Alitembea hatua mbili, akasimama, akafikiri, akaruka. Na kwa kuwa nilikuwa peke yangu na nilikuwa na nafasi kubwa ya kufikiri, nilianza kumlinganisha na doa langu, kama ninavyofanya leo, ila kwa hesabu za mtoto. Doa halikuwa na macho, Askari alikuwa na macho manane. Doa halikuondoka hata kuku alipolikanyaga, Askari aliondoka hata nikipumua vibaya. Doa lilikula nisichokijua, Askari nilimwona kwa macho yangu akimrukia mbu aliyevimba damu, mkubwa karibu kama yeye, akamshika na kumnyonya hadi tumbo lake likageuka rangi. Nikaamua hivi: doa linajua mama atakuja lini, lakini halisemi. Buibui hajui, ndiyo maana hatulii. Anamngoja kama mimi.

Na kuhusu wekundu ule nilikuwa na hakika kabisa. Mbu wa usiku ule walimwuma nani? Mama, aliyelala nje ya neti. Buibui alikula mbu hao. Basi damu ya mama yangu ilikuwa bado humu ndani ya nyumba, ikitembea ukutani kwa miguu minane. Nilikuwa natafuta tumbo lile jekundu kila jioni kama mtu anayetazama taa ya nyumba ya jirani kujua kama wamo.

Usinicheke sana. Kila kitu nilichokiona nilikiona sawasawa. Nilichokosea ni maana yake tu, na hivyo ndivyo watoto wengi wenye akili hukosea.

Mahindi yalipofika kiunoni na punje bado tisa, nilipata wazo. Kinachokua lazima kinakula. Doa halikui, kwa hiyo doa lina njaa. Kila asubuhi Dani alitoka kwenda shamba kabla sijaamka, akaniachia uji wa mtama na muhogo kwenye kikombe kilichofunikwa kwa sahani karibu na mafiga. Nikaanza kunywa nusu na kumwagia doa nusu. Baada ya siku chache uji ule ulikauka ukafanya ganda jeupe ambalo lilitambaa kidogo kuelekea kwenye duara, nami nikaona dalili njema. Nikaongeza. Mwishowe sikunywa hata kidogo. Shuleni nilikuwa natetemeka magoti saa nne, na nilijivunia kutetemeka huko, kwa maana nilijua uji wangu unaenda wapi.

Unaweza kukisia nini kilifuata, kama umewahi kukaa boma lenye kuku. Jumapili moja tulirudi kutoka kanisani nikakimbia na punje zangu mkononi, nikamkuta kuku wa Dani juu ya jiwe pamoja na vifaranga vyake sita. Walikuwa wanadonoa uji. Na chini ya uji walikuwa wamedonoa doa. Nusu nzima haikuwapo tena, jiwe lilikuwa tupu na jeupe mahali pale kama ngozi chini ya kidonda. Vipande vilikuwa vimetapakaa. Nilivikusanya kwenye pindo la gauni langu la kanisani, na sikulia, kwa sababu kulia ni kwa mtu aliyefanyiwa kitu. Mimi nilikuwa nimefanya. Mama alikuwa njiani, polepole, mwendo wa punje kwa punje, na mimi ndiye niliyeikata njia.

Kesho yake asubuhi nilikuwa juu ya jiwe lile, nikijaribu kubandika vipande vile kwa uji kama gundi, niliposikia sauti nyuma yangu. Jembe la Dani lilikuwa limechomoka mpini, kwa hiyo alikuwa amerudi mapema.

"Nyar Kisumu."

Sikugeuka.

"Ni uji yangu hiyo unapaka jiwe?" Kulikuwa na kicheko kwenye sauti yake. "Kwani jiwe iko na njaa?" Kisha akanishika mkono juu ya kiwiko ili anishushe, na kicheko kikakatika, kwa sababu kidole chake cha kati na gumba vilikutana. "Ee Nyasaye. Umekuwa ukipea jiwe tangu lini?"

"Tangu wimbi ikatae kupungua."

Hakuelewa, nikamweleza yote: duara, punje tisa, uji, kuku. Nilimwambia, "Nimeharibu, Dani. Sasa mama hatajua siku ya kuja." Aliniangalia, akaliangalia duara lile lililochongwa vizuri, akainua kichwa na kuita kwa sauti ambayo nadhani ilifika Kombewa.

"Oduor! Oduor, kuja hapa!"

Mjomba alikuja na tindo bado mkononi.

"Wewe ndiye ulichora hii?"

"Mama, nilitaka tu anyamaze."

"Anyamaze."

"Alikuwa ananiuliza kila saa. Nilijua atasahau."

"Mtoto hanywi uji, Oduor. Anapea jiwe. Shika mkono yake. Nimesema shika!"

Mjomba alinishika mkono. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama kokoto, na vilinishika kana kwamba mimi ni yai. "Mimi ni mjinga," alisema.

"Hiyo najua tangu nikuzae. Sasa mwambie ukweli."

Mjomba akatazama miguu yake. Basi Dani mwenyewe akachuchumaa, magoti yakalia, akanisemesha kwa Kiswahili chake cha sokoni, ili nisikie kila neno.

"Mama yako ameolewa. Huko ng'ambo, upande wa Homa Bay. Hapo ameolewa hawakai na mtoto ya mtu mwingine. Ni kawaida, hata mimi siipendi. Atakuja kukusalimia. Kukuchukua, hapana. Hii yote sikukuambia kwa sababu sikutaka kusikia mdomo yangu ikisema."

Niliinamisha kichwa. Ndipo nilipoona miguu yake. Ndani ya akala zake za tairi, zimelowa umande, zimejaa udongo mwekundu hadi vifundoni, zilikuwapo soksi za kijivu zenye mstari wa kijani.

"Hizo ni za mama!"

"Zilikuwa."

"Vua! Dani, vua!"

"Na umande je?" Alishangaa kweli. "Nimezivaa tangu tupande mahindi. Kila asubuhi naenda nazo, narudi nazo, naning'iniza. Ulifikiri zinatembea zenyewe?"

Miezi miwili nilikuwa nikivuta pumzi tatu kwa siku, nikiogopa zisiishe. Hazikuisha kwa sababu kila asubuhi kabla sijaamka kuna mtu alikwenda kuzijaza upya. Harufu ya mama yangu ilikuwa imetoka ndani ya nyumba ile siku nyingi, labda wiki ya kwanza. Niliyokuwa nikiinusa ilikuwa ya miguu ya Dani.

Sitakudanganya kwamba nilifarijika. Nilikaa juu ya jiwe mpaka jua likaniunguza, na nilihisi kwamba mama ameondoka mara ya pili, na safari hii nikiwa macho. Dani alizivua soksi siku hiyohiyo, akazifua kwa sabuni ya kipande, akazianika. Nadhani alitaka kunirudishia zikiwa safi. Jioni zilining'inia kwenye kamba zikinuka sabuni, na asubuhi Dani alikwenda shamba miguu mitupu ndani ya akala. Siku hiyo buibui hakuwapo. Siku ya pili hakuwapo. Nilitafuta nyuma ya kalenda, nyuma ya mlango, juu ya neti. Nyumba haikuwa na harufu ya mtu yeyote. Katika upweke wote niliowahi kuujua, na nimeujua mwingi tangu hapo, zile siku tatu nne za sabuni ndizo ninazozikumbuka kwanza.

Dani aliacha kuniwekea uji chini ya sahani. Alichelewa kwenda shamba ili akae akinitazama ninywe, kikombe kizima, na nilipomaliza aligeuza kile kikombe juu chini kuona kama kinadondosha. Asubuhi moja alipokuwa anatafuta jembe nilimwona akiinua mguu mmoja na kuusugua kwenye kigimbi cha mwingine, kwa baridi. Sijui ni nini kilichonisimamisha. Nilipanda kwenye kiti, nikazitoa soksi kwenye kamba, nikampelekea mlangoni.

"Dani. Umande."

Alizipokea. Alikaa kwenye kizingiti akazivaa, taratibu, moja kisha nyingine, akavuta mstari wa kijani hadi ukakaa sawa. "Asante, mama," alisema. Ndivyo wanawake wa kwetu huwaita wajukuu wao wa kike, lakini yeye hakuwahi kuniita hivyo kabla ya siku ile.

Baada ya siku tano, Askari alirudi.

Leo naweza kukueleza yale ambayo sikuyajua. Buibui huyu anapatikana huku kwetu kando ya ziwa, na hupenda kukaa kwenye nyumba za watu. Hawezi kutoboa ngozi yako, wala hana haja nawe. Anapenda damu, lakini huipata kwa kumla mbu aliyekwisha kuinywa, na huvutwa na harufu ya miguu ya binadamu kwa sababu palipo na miguu kuna mbu. Haishi miaka mingi, kwa hiyo yule niliyemwita Askari wakati wa kupanda na yule niliyemwita Askari wakati wa kuvuna huenda hawakuwa mmoja. Na damu ndani ya tumbo lake haikai miezi. Ilikuwa ya jana, au ya juzi. Ilikuwa damu ya watu waliolala chumba kile jana na juzi, na hao walikuwa wawili tu, chini ya neti moja yenye matundu.

Mama alikuja baada ya mavuno. Alileta mkate na gauni la njano lililonibana. Nilimpa mkono kama mgeni, naye akaushika kwa muda mrefu. Alipoona soksi kwenye kamba alicheka, akasema, "Kwani hizi bado ziko?" Mimi na Dani tulitazamana. Nilimsindikiza hadi barabarani mchana kweupe, na nikamwona akiondoka. Siku hizi tunaongea kwa simu Jumapili. Ni mazungumzo mazuri, mafupi.

Dani tulimzika mwaka jana. Baada ya watu kutawanyika nilizunguka nyuma ya boma, nikakuta nchi siijui. Mawe yote yamekwisha. Mjomba Oduor, mzee sasa, ameyavunja moja baada ya jingine kwa miaka yote hii, yamekwenda mjini kuwa nyumba. Limebaki moja tu, la urefu unaonifika mapajani, limesimama peke yake kwenye uwanja wa kokoto.

Mjomba alikuja akasimama kando yangu. "Hiyo sikugusa," alisema.

"Naona, mjomba."

Upande waliodonoa kuku ulikuwa bado mtupu. Upande mwingine doa lilikuwa hai, kijani na majivu, kingo zimejikunja vilevile. Niliingia jikoni kwa Dani, nikachota wimbi kwenye chungu chake, nikarudi nikapanga.

"Imebaki ngapi?"

"Mbili."

Aliinama akaziangalia kwa muda, mikono nyuma. "Basi wacha ifike," alisema. "Ikifika utaniambia." Akaenda zake, na mimi nikabaki pale na mkono umejaa punje ambazo sikuwa na pa kuziweka.

Kwa hiyo nisikilize, ni jambo dogo ninalokuomba. Ukiokota soksi nyumbani kwako, ukamkuta buibui mdogo mwenye tumbo jekundu, usimpige kwa kandambili. Chukua kipande cha karatasi, mwache apande, msogeze ukutani. Kisha nenda kwa yule mnayelala naye nyumba moja, umwulize kama miguu yake ina baridi.